Je, Muuguzi Ajipambe Kazini? Chimbuko la Katazo na Uzito Wake Leo

Swali la kama muuguzi anafaa kupaka poda, wanja au rangi ya mdomo akiwa kazini huonekana dogo. Wengi hulijibu haraka: hospitalini si harusini. Hata hivyo, katika vyuo vya uuguzi swali hili linaweza kuamua nani aingie wodini asubuhi na nani arudishwe bwenini akanawe uso. Dada yangu anasomea uuguzi hapa Uganda, naye amewahi kurudishwa kwa sababu ya wanja. Hakuelezwa wanja ule ungemdhuru nani. Aliambiwa tu kwamba muuguzi hafanyi hivyo.

Insha hii inachunguza jibu hilo lilitoka wapi. Hoja yangu ni kwamba katazo la vipodozi limebeba mambo mawili tofauti, yaani usafi unaomlinda mgonjwa na sifa ya mwanamke anayefanya kazi nje ya nyumba yake. Historia inaonyesha kwamba suala la sifa lilitangulia, na kwamba kuyachanganya mambo haya mawili kunatugharimu hadi leo.

Tuanzie Uingereza ya karne ya 19. Kati ya mwaka 1843 na 1844 Charles Dickens alichapisha riwaya ya Martin Chuzzlewit, ambayo ndani yake yumo Sairey Gamp, muuguzi mlevi na mzembe. Mhusika huyo alipata umaarufu kwa sababu wasomaji waliona anafanana na wauguzi waliowafahamu. Kwa hiyo Florence Nightingale alipokwenda Scutari, karibu na Istanbul, mnamo Novemba 1854 akiwa na wanawake 38 kuwahudumia majeruhi wa Vita vya Krimea, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuguza. Ya pili ilikuwa kuwathibitishia maofisa wa jeshi, na wazazi huko nyumbani, kwamba mwanamke mwenye heshima anaweza kufanya kazi kati ya vitanda vya wanaume akabaki na heshima yake. Shule yake ilipofunguliwa katika Hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860, tabia ya mwanafunzi ilipimwa sambamba na ujuzi wake.

Katika jamii ile, rangi usoni ilihusishwa na waigizaji wa kike na makahaba. Muuguzi aliyejipaka angebomoa hoja nzima ambayo Nightingale alikuwa akiijenga. Ndivyo uso mtupu ulivyogeuka kuwa cheti cha mwenendo mwema.

Huko Marekani jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Dorothea Dix aliteuliwa kuwasimamia wauguzi wa kike wa jeshi la Kaskazini. Waraka wake wa mwaka 1862 ulitaka wanawake wa umri wa miaka 35 hadi 50, wenye mavazi ya rangi ya kahawia, kijivu au nyeusi, bila mapambo ya aina yoyote. Tuzitazame rangi hizo kwa makini. Kama lengo kuu lingekuwa usafi, nguo nyeusi na ya kahawia zingekuwa chaguo baya, kwa kuwa huficha uchafu. Zaidi ya hayo, Joseph Lister alichapisha matokeo yake kuhusu kuua vijidudu katika upasuaji mwaka 1867, yaani miaka mitano baada ya waraka huo. Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha faida ya kunawa mikono huko Vienna mwaka 1847, lakini madaktari wengi wa wakati wake hawakumkubali. Amri ya kutojipamba haikutokana na elimu ya vijidudu.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba waanzilishi hawa hawakumfikiria mgonjwa. Katika kitabu chake Notes on Nursing cha mwaka 1859, Nightingale alisisitiza muuguzi anawe mikono mara kwa mara, na alilalamikia sketi pana za wakati ule zilizochakarisha na kugusa vitu chumbani. Hapo alitupa kipimo kizuri: je, jambo hili linamsumbua au kumdhuru mgonjwa? Tatizo ni kwamba waliomfuata walirithi katazo bila kuendelea kuuliza swali.

Kipimo hicho kilifikaje kwetu? Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson walifika Mengo mwaka 1897 katika msafara mmoja wa wamisionari wa Kianglikana, na mwaka huohuo hospitali ya Mengo ikaanza. Wawili hao walioana mwaka 1900. Mwaka 1919 Katharine Cook alianza kuwafunza wakunga wa Kiganda, katika kipindi ambacho serikali na misheni walikuwa na hofu kubwa juu ya kaswende na vifo vya watoto wachanga. Upande wa Wakatoliki, masista, akiwemo Mama Kevin, walifika Nsambya mwaka 1903. Kwa hiyo mwanamke wa Uganda aliyefunzwa kazi hii alifunzwa na mmisionari au mtawa, wakati ambapo maradhi yenyewe yalielezwa kama matokeo ya maadili mabovu. Ukunga wake na mwenendo wake vilitazamwa kwa jicho moja.

Lugha yetu imetunza ushahidi wa historia hiyo. Katika hospitali za Waingereza, muuguzi msimamizi wa wodi aliitwa kwa cheo kilekile cha mtawa. Hadi leo, katika Kiswahili cha Afrika Mashariki, neno "sista" hutumika kwa mtawa na kwa muuguzi. Anayeitwa sista hutarajiwa kuwa na uso wa sista. Wakati huohuo, katika hospitali nyingi za ukoloni wasaidizi wa kwanza wa wodini walikuwa wanaume, na sifa yao haikupimwa kwa wanja wala poda.

Uhuru haukulifuta jambo hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana nchini Tanzania, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1969. Hapa Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Kama ilivyokuwa kwa Nightingale, mwili wa mwanamke kijana ulifanywa ubao wa kutangazia heshima ya wengine, safari hii heshima ya taifa.

Tukija kwenye usafi, ushahidi upo na ni mzito, ila unahusu sehemu nyingine ya mwili. Kati ya mwaka 1997 na 1998, wodi ya watoto wachanga mahututi katika jiji la Oklahoma City nchini Marekani ilipata mlipuko wa bakteria. Watoto 46 waliambukizwa na 16 kati yao walifariki. Uchunguzi uliona uhusiano kati ya maambukizi hayo na wauguzi wenye kucha ndefu au za bandia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka wahudumu wasivae kucha za bandia na wakate kucha zao ziwe fupi. England nayo tangu mwaka 2007 imetaka wahudumu wawe na mikono mitupu kuanzia kiwikoni kushuka chini, bila saa wala vikuku. Miongozo hii inazungumzia vidole na viganja, kwa sababu ndivyo vinavyomgusa mgonjwa. Hina ya bibi harusi, ambayo ni doa ndani ya ngozi, haiwezi kuhukumiwa sawa na kucha ya plastiki inayoficha uchafu chini yake.

Kuna kipodozi kimoja cha usoni kinachostahili onyo la kitabibu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza katika jarida la British Medical Journal uhusiano kati ya krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki na ugonjwa wa figo. Hapa muuguzi ana wajibu wa pekee, kwa kuwa mama aliyekuja kliniki atamtazama yeye kabla ya kusikiliza ushauri wake. Lakini onyo hilo linahusu sumu, wala halihusu rangi ya mdomo.

Wapo watakaosema kwamba mgonjwa, hasa mzee, humwamini zaidi muuguzi asiyejipamba. Pengine ni kweli kwa baadhi yao. Ninakubali pia kwamba manukato makali humsumbua mwenye pumu, na kwamba kope za bandia zinazoweza kudondokea kidonda hazifai, hasa katika chumba cha upasuaji. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hutuonya tusidanganywe na mapambo. Basi inatuonya pia tusidanganywe na kukosekana kwa mapambo. Sairey Gamp hakuwa hatari kwa wagonjwa kwa sababu ya uso wake.

Hivyo basi, jibu langu ni kwamba muuguzi aruhusiwe kupaka poda, wanja au rangi ya mdomo kwa kiasi, na sheria za mikono ziwe kali kwa wote, wanaume kwa wanawake. Kila katazo liandikwe pamoja na sababu yake. Lisilo na sababu inayomhusu mgonjwa litajulikana kuwa ni desturi, na desturi tunaweza kuijadili. Nguvu tunayotumia kukagua nyuso getini tuipeleke kwenye masinki ya wodini, tuhakikishe maji yanatoka na sabuni ipo.