Moyo na Safari ya Damu

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuwaeleza habari za kiungo kimoja kisichopumzika tangu mtu angali tumboni mwa mama yake. Katika lugha yetu twakiita moyo, nasi tumekitwika mambo mengi: moyo hupenda, huchukia, huvumilia, na wazee husema, kipendacho moyo ni dawa. Lakini leo hatusemi juu ya moyo wa methali. Twasema juu ya moyo wa nyama, uliomo kifuani katikati ya mapafu mawili, umeelekea kidogo upande wa kushoto, na ukubwa wake ni kadiri ya ngumi ya mwenyewe.

Tangu zamani kila mtu alijua kwamba moyo hudunda, na kwamba ukinyamaza mtu hufa. Lakini wadunda kwa kazi gani? Swali hili lilikaa miaka mingi sana bila jibu la kweli, si kwa sababu watu hawakuwa na akili, bali kwa sababu walidhani jibu wamekwisha kulipata.

Jibu hilo lilitoka kwa Galen, tabibu Myunani aliyezaliwa yapata mwaka 129 katika mji wa Pergamon, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Aliwaganga watu waliopigana kwa silaha katika michezo, kisha akaenda Rumi akawa tabibu wa makaisari. Alikuwa hodari kweli; ndiye aliyeonyesha kwamba mishipa itokayo moyoni imejaa damu, wala si hewa kama wengine walivyodhani. Lakini kwa desturi za Rumi maiti za watu hazikupasuliwa, kwa hiyo alipasua nyani na nguruwe. Akafundisha kwamba damu hufanyika katika ini kutokana na chakula, ikaenda mwilini kama maji yaendavyo shambani kwa mifereji, ikanywewa huko isirudi. Tena alisema sehemu ya damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo, kutoka kuume kwenda kushoto, kwa vitundu vidogo visivyoonekana.

Vitundu hivyo hakuna aliyeviona kamwe. Lakini kwa kuwa Galen amesema, basi imekwisha. Mwanafunzi akikata moyo asivione, alidhani kosa ni la macho yake.

Wa kwanza tunayemjua kukanusha neno hili ni tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Damascus mwaka 1213 akafanya kazi yake Misri. Mwaka 1242 aliandika kwamba ukuta ule ni mnene, hauna kitundu kinachoonekana wala kisichoonekana. Kwa hiyo damu ya upande wa kuume hupita kwanza katika mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo ifike upande wa kushoto. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini yalisahauliwa na wengi, hata mwaka 1924 tabibu Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipouona mswada wake katika maktaba ya Berlin.

Sasa na tuvuke bahari twende Uingereza. Mwaka 1578, katika mji wa Folkestone katika jimbo la Kent, alizaliwa William Harvey. Alisoma Cambridge, kisha akaenda Padua katika nchi ya Italia, na huko mwalimu wake Fabricius aliwaonyesha wanafunzi vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa. Harvey alirudi kwao, akawa tabibu wa wafalme. Lakini fikira zake zilikuwa katika vile vilango. Mlango hujengwa ili kitu kipite upande mmoja kisirudi upande wa pili. Je, mlango huu wazuia nini?

Harvey alifanya jambo lisilofanywa kabla yake katika habari hii: alipiga hesabu. Alisema, tufanye kwamba kwa kila pigo moyo hutoa nusu wakia tu ya damu. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000. Basi katika nusu saa hutoa wakia 500, ndizo zaidi ya ratili 30. Mtu hana damu kiasi hicho mwilini mwake, wala hawezi kula chakula cha kuifanya kwa muda huo. Yatoka wapi basi, na yaenda wapi? Jibu ni moja tu: ni damu ile ile, nayo yazunguka.

Alionyesha tena kwa mkono wa mtu aliye hai, nanyi mwaweza kujaribu. Mwenzako akufunge kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze mno, wala kisikae zaidi ya dakika mbili. Mishipa itavimba, na mahali mahali utaona mafundo. Hayo ndiyo vilango. Gandamiza mshipa kwa kidole karibu na kiganja, na kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea kiwiko hata ipite fundo la mbele. Kisha inua kidole hiki cha pili. Mshipa utabaki mtupu, kwa maana damu haiwezi kurudi chini. Inua kidole cha kwanza, nao utajaa mara moja kutoka chini. Damu ya mishipa hii yarudi moyoni.

Zaidi ya miaka tisa Harvey aliwaonyesha wenzake wa London mambo haya kabla hajachapisha kitabu chake, mwaka 1628. Hata hivyo alishambuliwa. John Aubrey, aliyemfahamu, aliandika kwamba alimsikia mwenyewe akisema ya kuwa baada ya kitabu kutoka wagonjwa wake walipungua sana, na watu walimdhania ana wazimu. Tena palikuwa na pengo moja: hakuweza kuonyesha damu inavyotoka katika mishipa iendayo na kuingia katika mishipa irudiyo. Alikufa mwaka 1657 asilione. Mwaka 1661 Marcello Malpighi wa Bologna alitazama pafu la chura kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo, akaona mishipa myembamba kupita unywele ikiunganisha pande zote mbili. Duara ikatimia.

Likabaki swali la pili: nani auamuru moyo kudunda? Harvey aliwahi kuona moyo wa njiwa uliokwisha kunyamaza. Akaweka juu yake kidole kilicholoweshwa mate, ukadunda tena. Moyo ni msuli, lakini si kama msuli wa mkono ungojao amri ya akili. Nyuzi zake zimeshikana kama wavu wa mvuvi, hata ukigusa upande mmoja, mtikiso hufika upande wa pili. Mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg katika Ujerumani, alieleza njia ipitishayo amri kutoka vyumba vya juu vya moyo hata vyumba vya chini. Na mwaka 1907 Arthur Keith na mwanafunzi wake Martin Flack walitangaza mahali amri inapoanzia: kifundo kidogo katika chumba cha juu cha kuume. Flack alikiona kwanza katika moyo wa fuko, katika Kent, jimbo lile lile alikozaliwa Harvey. Kwa kujua hayo, mwaka 1958 matabibu wa Sweden waliweza kumtia mgonjwa mwilini chombo cha umeme cha kuamsha mapigo ya moyo wake.

Twasimulia haya si kwa kuwadharau watu wa kale. Galen alikuwa mkubwa kuliko wengi waliomfuata. Kosa lilikuwa la wale walioheshimu kitabu chake wakaacha kutenda kama yeye, yaani kutazama wenyewe. Na kosa hilo si dogo, kwa maana asiyejua njia ya damu hawezi kuilinda. Sisi twajua leo kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia hupitisha kama lita 5 kila dakika, karibu damu yote ya mwili. Basi mtu akikatwa na panga na damu ikaruka, msiende kutafuta majani kwanza. Gandamizeni jeraha lenyewe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuacha, huku mkimpeleka hospitali. Kila dakika ni safari moja nzima ya damu yake.