Butembo-Beni: Superman wa kijivu, Dash asiyekimbia, na Spider-Man tuliyemdhani mbovu

Mwanzoni mwa mwaka 2019, wakati wa Ebola, kijana mmoja wa ukoo wetu alifika Butembo kutoka Kampala na flashi mfukoni. Ndani yake mlikuwa filme ya michoro iliyotoka Marekani Desemba 2018, ile ya Spider-Man anayeitwa Miles Morales. Watoto wakajaa sebuleni katika lupango letu la mtaa wa Kimemi, kila mmoja akinusa maji ya klorini mikononi, maana siku zile hukuingia mahali bila kunawa. Filme haijamaliza hata dakika kumi, mujomba wangu akasimama mbele ya televizio.

"Iyi kopi ni mubovu. Muirudishe kwa mwenye aliiuzisha."

"Hapana, papa mukubwa," mtoto akajibu, "ni vile iko."

Mujomba alikuwa na sababu. Rangi zilikuwa zimetoka nje ya mistari, nyekundu upande huu, buluu upande ule, kama kitenge kilichochapwa vibaya. Usoni mwa watu mlikuwa na vidoto vidogo. Mwendo wa kijana ulikuwa wa kukatakata. Mtu aliyekaa miaka thelathini akitazama kopi za soko letu anajua dalili hizo: ni ugonjwa. Kumbe safari hii mtoto ndiye aliyekuwa na haki, na mimi sikujua hivyo mpaka baadaye. Lakini ili msomaji aelewe kwa nini watu wazima wa Butembo na Beni walikosea, inafaa nirudi nyuma, kwenye kasete.

Miaka ya 1990, vyumba vya video vilikuwa vingi hapa kwetu. Benchi za mbao, mapazia meusi dirishani, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Mafuta yakikaribia kuisha, umeme unapungua na picha inasinyaa katikati ya kioo kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto. Katika chumba kimoja cha namna hiyo niliona Superman wa michoro kwa mara ya kwanza. Alikuwa wa kijivu. Joho lake kijivu, anga kijivu, hata moto ulikuwa wa kijivu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba filme hiyo ilitengenezwa kabla rangi hazijavumbuliwa.

Si kweli. Filme hizo fupi ni 17, na zilitoka kati ya 1941 na 1943. Tisa za kwanza zilitengenezwa na studio ya ndugu Max na Dave Fleischer, na nyingine nane na studio iliyochukua nafasi yao. Zote zilikuwa za rangi, tena rangi nzito za Technicolor, na wakati ule zilikuwa katuni za gharama kubwa sana. Hasara yao ilikuja kwa njia ya karatasi. Sheria ya Marekani ya siku hizo ilitoa hakimiliki ya miaka 28, na mwenyewe alipaswa kuiandikisha tena. Haikuandikishwa tena. Basi filme zikawa mali ya kila mtu, na video ilipofika nyumbani mwa watu, kampuni yoyote ndogo iliweza kuchukua nakala iliyochakaa, ikaihamishia kwenye kasete na kuiuza kwa bei ya chini. Ndiyo maana shujaa wa kwanza wa michoro mwenye kuruka alizunguka dunia nzima akiwa amefifia na kukwaruzwa. Diski zilizosafishwa vizuri kutoka kwa mwenye filme za asili zilikuja mwaka 2006, miaka zaidi ya sitini baadaye.

Lakini kufifia si kugeuka kijivu. Kijivu kilikuwa chetu sisi. Zaire ilifuata mtindo wa Kifaransa wa rangi za televizio unaoitwa SECAM. Uganda ilifuata PAL. Kasete ya PAL ukiichezesha kwenye televizio inayojua SECAM tu, picha inakuja, sauti inakuja, ila rangi hazitoki. Na kasete zetu zilitoka wapi? Zilipanda kutoka Kampala, zikavuka Mpondwe na Kasindi, zikafuata barabara hadi Beni na kuteremka Butembo. Kinshasa ilikuwa mbali, na tangu vita vya 1998 ikawa kama inchi nyingine: sisi tulikuwa chini ya waasi, na njia ya biashara ilielekea mashariki. Kwa hiyo rangi ya joho la Superman iliamuliwa na mpaka wa Kasindi. Televizio zenye kusoma mitindo yote zilienea baadaye, wafanyabiashara wetu walipoanza kuzileta kutoka Dubai.

Juu ya hayo kulikuwa na kunakiliwa. Kasete ya VHS kila ikinakiliwa inapoteza kitu. Nakala ya nakala ya nakala, mistari inayeyuka, nyuso zinakuwa kama sabuni iliyolowa. Mara nyingine sauti ilikuwa ya Kiganda, maana Kampala walikuwa na wale wasimulizi wa filme, kama VJ Jingo, wanaozungumza juu ya picha na kutia utani wao. Dar es Salaam nao walikuwa na wao, na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alikuwa mkubwa wao. Wengi wetu hatukusikia Kiganda, lakini tulicheka pale watu wa Kampala walipocheka. Sijui kama huo nao ni ubora wa filme au la. Mimi nauhesabu.

Kisha zikaja diski. Hapa wengi wanachanganya, wanasema "CD" na kumaliza. Diski zilizojaa soko kuu la Butembo miaka ya 2000 zilikuwa VCD, mtindo uliopangwa mwaka 1993. Picha yake ina nukta 352 kwa 288. DVD ina 720 kwa 576, maana yake nukta mara nne. Tena VCD moja inabeba dakika 74 tu. Filme ya "Kirikou", ile ya Michel Ocelot ya mwaka 1998, ilikuwa fupi kiasi cha kukaa kwenye diski moja, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kila mtoto wa hapa amjue yule mtoto mchanga mwenye mbio. Wakubwa wengine waliigomea kwa ajili ya uchi, lakini diski ilizunguka tu.

Filme ya "Les Indestructibles" haikuwa na bahati hiyo. Ilitoka mwaka 2004, kazi ya Brad Bird na studio ya Pixar, na inachukua dakika 115. Ni familia ya mashujaa wanaolazimishwa na serikali kuficha nguvu zao. Baba anafanya kazi katika ofisi ya bima, mama anawakataza watoto. Kwenye VCD ilibidi iwe diski mbili. Iliyofika nyumbani kwetu ilikuwa na diski ya kwanza nzima, na ya pili ilikuwa na mkwaruzo kutoka katikati hadi ukingoni. Tuliipaka dawa ya meno, tukaifuta kwa kitambaa, tukaipulizia. Mashini ilizungusha, ikalia, ikagoma.

Sasa fikiria hasara yenyewe. Katika familia ile kuna kijana anaitwa Dash. Nguvu yake ni mbio. Sehemu ya kwanza tunamwona anamwekea mwalimu pini kwenye kiti, kwa haraka hata kamera haimnasi vizuri, na nyumbani anagombezwa. Anataka kuingia michezo ya mbio, mama anakataa. Ni katika sehemu ya pili, kisiwani, akifukuzwa na watu wenye kuua, ndipo anaruhusiwa kukimbia kwa nguvu zake zote, anakimbia hata juu ya maji, na anapogundua kwamba hazami, anacheka. Hiyo ndiyo filme. Mimi na ndugu zangu tulikaa zaidi ya mwaka mzima na Dash ambaye hakukimbia kamwe. Kwetu alikuwa mtoto mtukutu wa shule, basi.

Nilipoiona diski ya pili, kwa jirani, picha ilikuwa ya VCD vilevile. Kazi ya VCD ni kubana picha sana ili ienee, na inabana vibaya zaidi pale kitu kinapokwenda haraka: picha inavunjika kuwa vigae vya mraba. Hivyo Dash alipokimbia aligeuka rundo la vigae vyekundu juu ya vigae vya kijani. Nilipiga makofi hata hivyo. Hata ile DVD rasmi ya mwaka 2005 iliuzwa kwa namna mbili, moja ya picha pana na nyingine iliyojaza televizio za mraba za siku zile, na hiyo ya pili katika picha nyingi ilikata vya pembeni. Matajiri nao walikatiwa.

Narudi kwa Miles. Mwaka huo wa 2019 hatukuwa na hamu ya kubishana sana juu ya filme. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, ikafika Beni, ikafika Butembo na Katwa. Itakapotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, itakuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulifanyika inchi nzima, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi. Watoto walikaa ndani, na flashi ile ilichezeshwa mpaka ikachoka. Mujomba aliendelea kusema ni mbovu.

Miezi mingi baadaye nilikuwa Kampala kwa rafiki, na nikaiona kwenye televizio kubwa, kopi safi. Rangi zilikuwa bado zimetoka nje ya mistari. Vidoto bado vilikuwapo. Watengenezaji, chini ya Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman, walitaka filme ifanane na vitabu vya zamani vya mashujaa vilivyochapwa kwa bei ya chini, na rangi ambazo hazikukaa sawasawa. Walitumia fedha nyingi na wachoraji wengi kuiga uchapaji wa maskini. Ramsey akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya filme ya michoro kama mwongozaji, Februari 2019.

Lakini kuna jambo ambalo kopi ya flashi ilituficha kweli. Sinema inapita picha 24 kwa sekunde. Miles mwanzoni amechorwa kwa picha 12, kila moja inashikwa mara mbili, ndiyo maana anakwenda kwa kukatakata. Msituni anaporuka pamoja na Peter, mwalimu wake amechorwa kwa zote 24, analainika, na mtoto anajikwaa kando yake. Baadaye, Miles akishajifunza, naye analainika. Kopi yetu ilikuwa imepoteza picha nyingi njiani, hivyo mwalimu na mwanafunzi wote walikatakata sawa. Mujomba aliona ubovu mahali usipokuwapo, na pale ulipokuwapo hakuna kati yetu aliyeuona.

Niliporudi nilimweleza. Akanisikiliza, akauliza: kama wanaweza kuchora vizuri, kwa nini wachore vibaya? Sikuwa na jibu la kumtosha.

Kitu kingine kinanisumbua zaidi. Superman alitufikia akiwa kijivu, Dash akiwa vigae, lakini walitufikia. Jean-Michel Kibushi, Mkongomani mwenzetu kutoka Kasai, amechora filme tangu miaka ya 1990. Ana moja ya mwaka 1992 juu ya uporaji wa wanajeshi Kinshasa, na ana "Muana Mboka", ya mwaka 1999, juu ya mtoto wa barabarani anayemwokoa waziri katika ajali. Mtoto huyo hana joho wala nguvu za ajabu. Filme hiyo sijaiona kwenye kasete hapa, wala VCD, wala flashi, hata kopi mbovu. Mwezi uliopita niliiulizia sokoni kwa kijana anayejaza filme kwenye simu za watu. Alitafuta kwenye kompyuta yake kwa heshima, dakika nzima, kisha akanigeukia.

"Hiyo ni ya karate, papa?"