Postikadi ya Ibadan

Najua nimepotea. Nilikuwa TP huko bara, mtandao wenyewe wa kupanda juu ya jiwe, basi nikaona bora ninyamaze. Nimerudi hosteli juzi. Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya msosi. Leo nawaletea historia, maana ndilo somo langu la kufundishia, halafu mwishoni kuna la kwangu mwenyewe nataka kulitua.

Tuanzie Marekani. Tarehe 14 Oktoba 1960, saa nane usiku, John F. Kennedy alifika Chuo Kikuu cha Michigan akiwa bado mgombea urais. Wanafunzi maelfu walikuwa wanamsubiri nje, usiku wote ule! Akawauliza swali: ni wangapi kati yao, wanaosomea udaktari au uhandisi, wako tayari kwenda kufanya kazi Ghana na nchi nyingine za mbali? Wanafunzi walilichukua swali lile kwa uzito, wakakusanya saini. Machi 1961 Kennedy, sasa rais, akaanzisha Peace Corps. Kijana anajitolea miaka miwili, analipwa posho ya kujikimu tu.

Kwetu walifika mapema. Kundi la Tanganyika lilikuja mwaka huohuo wa 1961, kabla hata ya uhuru wa tarehe 9 Desemba. Hawakuwa walimu. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na kazi kubwa ilikuwa barabara.

Sasa twende Nigeria. Oktoba 1961 kundi la kwanza la huko lilikuwa chuoni Ibadan, linaandaliwa kwenda kufundisha sekondari. Mmoja wao alikuwa Margery Michelmore, binti wa miaka 23 aliyetoka kumaliza chuo. Akaandika postikadi kwa rafiki yake Marekani, akaeleza mshangao wake: watu wanavyoishi kimaskini, wanapika barabarani, wanauza barabarani, kila kitu barabarani. Alitumia maneno makali. Postikadi haina bahasha, si mnajua? Ikaanguka kabla haijafika posta. Mwanafunzi wa Kinigeria akaiokota, akaisoma. Muda si mrefu nakala zikawa zinazunguka chuo kizima.

Jamani, hebu jiweke kwenye nafasi ya wale wanafunzi. Nchi yao imepata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960, ina mwaka mmoja tu. Wewe ni msomi, una matumaini na nchi yako. Halafu mgeni unayekula naye chumba kimoja cha chakula anaandika kwao kwamba kwenu ni uchafu. Wakafanya mkutano, wakaandamana, wakataka Wamarekani wale waondoke, wakawaita majasusi na mawakala wa ubeberu. Magazeti ya dunia yakaidaka.

Margery aliomba radhi, akaondoka Nigeria. Kennedy mwenyewe alimwandikia kumtia moyo, na baadaye binti akafanya kazi makao makuu ya Peace Corps, Washington. Wenzake wakabaki, wakavumilia kununiwa, wakaenda kufundisha.

Hapo ndipo pananigusa. Sheria ya Peace Corps, iliyopitishwa Septemba 1961, ina malengo matatu. La kwanza, kusaidia nchi zinazohitaji wataalamu. La pili, wenyeji wawaelewe Wamarekani vizuri zaidi. La tatu, Wamarekani nao wawaelewe watu wengine. Yaani kukua kwa yule kijana kumeandikwa ndani ya sheria! Sasa ada ya shule hiyo analipa nani? Ibadan walilipa wanafunzi waliosoma ile kadi. Wao ndio waliokuwa somo, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari.

Lakini tusijifanye malaika. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam, babu zetu wa kitaaluma, waliandamana kupinga JKT ya lazima. Walitakiwa kutumikia miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Waliona wanaonewa. Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwa hiyo hata ndani ya nchi yako mwenyewe, kwenda kwa mkulima siyo rahisi. Unaweza ukawa mgeni bila kuvuka mpaka.

Na hili ndilo la kwangu. Wiki ya kwanza ya TP niliandika kwenye grupu letu la wasap. Nikaeleza choo cha shule, watoto peku, maji ya kwenye dumu yenye rangi ya chai. Nikaweka na vicheko. Mtu akaituma kwingine, ikazunguka, ikarudi palepale kijijini. Ikamfikia mwalimu wa kike aliyekuwa ananipa chakula cha jioni kila siku bila kunidai hata shilingi.

Hakunigombeza. Nilimwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitika marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, maji yale ndiyo tunayokupikia." Basi. Wadau, bora angenichapa.

Nilimwomba radhi usiku uleule. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri akanigongea, akanipa ndoo mbili. Mwendo wa dakika arobaini kwenda, kurudi zaidi. Nilifanya hivyo mpaka TP ikaisha. Ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nilikuwa nauchukulia kama wa kumfukuza mgeni. Sasa nauona vingine: ukipewa jembe ndiyo umeanza kuhesabiwa mtu wa pale. Darasani nako kulibadilika. Yule aliyekuwa anasinzia kipindi cha kwanza nilimkuta kisimani, kafika kabla yangu.

Sisemi ndoo mbili zimefuta nilichoandika. Yule mama bado anajua nilicheka.

Baadhi yenu mnajaza fomu za kwenda kujitolea nje, Ulaya na kwingineko. Nendeni, mtakua, sina shaka. Ila kabla hujatuma kitu, kisome kwanza kana kwamba mwenyeji wako amekaa pembeni anakusomea begani. Ukiona aibu, kifute, halafu kamuulize yeye kwa nini mambo yako vile.

Haya, nina test keshokutwa na sijashika daftari. Toeni maoni yenu, hata ya kunisema. Tuko pamoja.