Mvulana wa Clarkston na ushuhuda wa mzee Harris

Habari ya leo ni ya Marekani, mbali sana na kambi yetu, lakini wahusika wake nao walijua kufukuzwa.

Mwaka 1874 mvulana aliyetoka Uingereza, William Pilkington, alipata kazi kwa familia moja ya wakulima huko Utah. Familia hiyo ilihamia kijiji cha Clarkston, na ndani ya nyumba alikuwemo babu wa miaka zaidi ya 90, Martin Harris. Jioni, kazi zikiisha, babu alikuwa anamsimulia kijana mambo aliyosema ameyaona kwa macho yake.

Harris hakuwa mzee wa hivi hivi. Mwaka 1829 yeye, Oliver Cowdery na David Whitmer walitia majina yao kwenye ushuhuda kwamba malaika aliwaonyesha mabamba ya dhahabu, yale ambayo Joseph Smith alisema ndiyo asili ya Kitabu cha Mormoni. Harris aliweka rehani shamba lake la Palmyra, dola 3,000, ili zichapwe nakala 5,000. Shamba likaenda. Halafu mwishoni mwa 1837 akakorofishana na viongozi, wakamtenga na kanisa.

Kwa hiyo wenzake walipopata taabu kubwa, yeye hakuwa nao. Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wakakimbilia Illinois, wakaondoka huko pia mwaka 1846, na 1847 wa kwanza wakafika bonde la Salt Lake. Harris alibaki Kirtland, Ohio. Alikuja Utah mwaka 1870 kwa treni, ana miaka 87.

Alikufa Julai 1875. Yule mvulana alikaa na maneno yale karibu miaka 60, na mwaka 1934, naye sasa mzee, akayaapia kwa maandishi.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kama malaika alikuja au hakuja, hilo ni la imani ya kila mtu, hatuligusi. Ila mwaka 1838 Stephen Burnett, aliyekuwa amelikasirikia kanisa, aliandika barua akidai Harris alisema hadharani kwamba mabamba hakuyaona kwa macho ya kawaida, ni maono tu. Burnett aliandika mapema, lakini kwa hasira. Pilkington aliandika kwa upendo, lakini kwa kuchelewa mno. Sisi tunaona karatasi ya Pilkington inathibitisha vizuri jambo moja: mzee yule, karibu na kufa, alikuwa bado anasimulia, na kuna mtoto aliyesikiliza. Kwa mengine inabidi kusoma zote mbili.

Watu wa Missouri hawakungoja hivyo. Mwaka 1839 Joseph Smith, akiwa gerezani Liberty, aliwaandikia waandike mateso yao, mali zilizopotea na majina ya waliowatesa. Mamia wakaapa: nyumba, ng'ombe, ekari, nani aliuawa. Smith akapeleka madai Washington, Rais Van Buren hakuwasaidia, fidia hawakupata. Lakini karatasi zile zipo mpaka leo, zinasomwa. Amri ya Boggs yenyewe ilifutwa mwaka 1976, yaani miaka 138 baadaye.

Hapa kambini wazee wengi wanatoa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyowavusha, na watoto wanasikia kama alivyosikia Pilkington. Tumeanza kuandika kwenye madaftari, kwa ruhusa yao. Tunauliza jina la kijiji, mwezi gani, mlikuwa wangapi, mliacha nini. Mama mmoja alicheka tulipomuuliza idadi ya mbuzi, kisha akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Tumefika wa tisa, keshokutwa tunarudi kwake.