Mafuta ya Nazi na Mpaka wa Kazi Yake: Unywele na Ngozi ya Kichwa katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya mafuta ya nazi kichwani katika delta ya Rufiji na wilaya ya Kibiti. Yanadai kwamba mafuta hayo husifiwa kwa kazi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa: kuulinda unywele usikatike, na kuitibu ngozi inayouotesha. Kwa kazi ya kwanza upo ushahidi mzuri, na sababu zake zinaeleweka. Kwa kazi ya pili ushahidi ni hafifu, na kwa baadhi ya maradhi mafuta hulisha kile kinachotakiwa kuondolewa. Makala yanaeleza tofauti hiyo inavyopaswa kuongoza upakaji, uuzaji na utafiti.

Mafuta matatu ya mahali pamoja

Delta ya Rufiji hutajwa zaidi kwa mikoko yake. Msitu huo wa takriban hekta 53,000 ndio mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 umo ndani ya eneo la ardhioevu la Rufiji, Mafia na Kilwa linalotambuliwa na Mkataba wa Ramsar. Lakini penye ardhi iliyoinuka kidogo, pasipofikiwa na maji ya bamvua, watu wamepanda minazi. Ukipanda kutoka huko kuelekea mji wa Kibiti na barabara kuu iendayo Lindi, unaingia katika mchanga wa mikorosho na ufuta. Kwenye mahame na kando ya majalala huota mbarika, mti wa nyonyo, bila kupandwa na mtu. Wilaya moja, basi, ina nazi, ufuta na nyonyo, na yote matatu hupakwa kichwani.

Mafuta ya nazi ndiyo yanayopikwa zaidi nyumbani. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa kifumbu au kitambaa, kisha tui zito huachwa usiku kucha lijitenge au huinjikwa motoni papo hapo. Maji yakikauka, mafuta hukaa juu na mashapo hubaki chini yakigeuka kahawia. Ufundi huu ni wa Bahari ya Hindi nzima. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alieleza katika habari zake za Dhofar, iliyo Oman ya leo, jinsi nazi inavyotoa maziwa na mafuta. Ufuta nao ulikuwa na vinu vyake vilivyozungushwa na ngamia, Lamu na Zanzibar.

Umri wa desturi, hata hivyo, hauthibitishi kazi yake. Desturi inaweza kuwa sahihi kwa sababu tofauti kabisa na ile wanayoitaja wenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mafuta ya nazi. Mama anayempaka bintiye kabla ya kumsuka husema anazilisha nywele zikue. Anachokifanya kina faida, lakini si ya kulisha wala ya kukuza.

Kinachotokea kwenye unywele

Unywele uliokwisha kuchomoza juu ya ngozi hauna uhai. Hauna damu wala neva, hauli wala haujitibu. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ndani yake mna nyuzi za protini iitwayo keratini. Nywele za Waafrika wengi zimejisokota, na unywele mmoja ukikatwa kati huonyesha umbo la duaradufu. Mafuta yatokayo kwenye vitezi vya ngozi hayateremki kwa urahisi katika mizunguko hiyo, kwa hiyo shina huwa na unyevu ilhali ncha ni kavu. Chanuo likipita, kila kona ni mahali pa kuvunjikia. Ndiyo maana mtu huweza kulalamika kwamba nywele zake hazikui, kumbe zinakua kila siku na kukatika kwa kasi ileile.

Maji huongeza uharibifu huo. Unywele ukilowa hunyonya maji na kuvimba, ukikauka husinyaa. Hali hiyo ikijirudia kwa miezi, magamba hulegea na protini hupotea kidogo kidogo kila nywele zinapooshwa. Katika vijiji vya delta, ambako maji ya kisima mara nyingi yana chumvichumvi, na katika nyumba ambako kichwa huoshwa kwa sabuni ya mche, shida huzidi. Sabuni hiyo ni ya alikali, na alikali huyainua magamba. Tena, maji yakiwa magumu, sabuni huungana na madini yaliyomo na kuacha utando unaozifanya nywele zikwaruzane.

Hapa ndipo mafuta ya nazi yanapostahili sifa. Mwaka 2003, Aarti Rele na R. B. Mohile, watafiti wa India, walichapisha katika Journal of Cosmetic Science jaribio lililolinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta yatokanayo na petroli. Walipima kiasi cha protini kilichopotea kwenye nywele zilizopakwa kabla na baada ya kuoshwa, zikiwamo nzima na zilizokwisha kuharibiwa. Kati ya mafuta hayo, ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo kwa kiwango cha kuonekana. Sababu yake iko katika maumbile. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo mfupi na ulionyooka wa kaboni 12, unaoshikamana na protini na kuweza kupenya ndani ya unywele. Yakishaingia, maji hupata nafasi ndogo ya kuuvimbisha. Mafuta ya alizeti yana minyororo mirefu iliyopinda, na yale ya petroli hayana mvuto na protini.

Kwa kipimo hicho, mafuta mengine mawili ya Kibiti hupata nafasi yake halisi. Zaidi ya robo tatu ya mafuta ya ufuta ni asidi za oleiki na linoleiki, ambazo minyororo yake imepinda kama ya alizeti. Ni busara kuyategemea kwa kulainisha juu na kung'arisha, si kwa kupenya. Ubora wake mwingine ni kutochacha upesi, kwa kuwa yana viambato vya asili vinavyozuia hali hiyo. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno, na takriban asilimia 90 yake ni asidi ya risinoleiki. Hushika unywele kwa nje na kuufanya uonekane mnene, lakini yakipakwa kwa wingi huweza kuzifunga nywele fundo lisilochanulika. Sifa yake ya kuotesha nywele upya haijapata ushahidi wa kutosha. Aidha, mbegu zake zina sumu kali ya risini. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu. Kwa sababu hiyo kukamua nyonyo jikoni, palipo na watoto na kuku, si kazi ya kujaribiajaribia.

Ngozi ni jambo jingine

Ngozi ya kichwa ina uhai, na ina wakazi wake. Miongoni mwao ni hamira za jamii ya Malassezia, zinazopatikana karibu kila kichwa cha mtu mzima na kuhusishwa na mba. Mpangilio wa jeni za Malassezia globosa ulipochapishwa mwaka 2007, ilionekana kwamba hamira hiyo haina jeni ya kujitengenezea asidi za mafuta. Haina budi kuzipata kwa mwenyeji wake, na ina vimeng'enya vya kuyavunjavunja mafuta ili izipate. Mwenye mba anayepaka mafuta kila siku na kuyaacha ngozini huona magamba yamelala na mwasho umepungua kwa saa kadhaa, kwa sababu magamba yamelowa. Chanzo chenyewe kimeachwa, na huenda kimepata chakula zaidi.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Huu ni ukungu unaovamia unywele na shina lake, nao huwapata hasa watoto wa umri wa shule. Kwa kuwa umejificha ndani ya shina, haufikiwi na mafuta wala krimu. Unatibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini au tabinafini, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kila wiki inayopotea kwa kupaka mafuta ni wiki ya kuwaambukiza wenzake kupitia vitana, nyembe, kofia na mito. Mapunye ya aina kali yakicheleweshwa huacha makovu, na penye kovu nywele hazioti tena.

Tatizo la tatu ni nywele za pembezoni mwa paji la uso kunyonyoka. Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa Afrika Kusini na kuonyesha uhusiano kati ya hali hiyo na mitindo inayovuta nywele, hasa zikiwa zimewekwa dawa ya kunyoosha. Msuko unaomzuia msichana kulala usiku kwa maumivu unang'oa nywele, hata kama zilipakwa mafuta bora kuliko yote. Dawa yake ni kulegeza msuko au kuufumua.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba asidi ya lauriki huua vijidudu. Ni kweli kwamba maabara zimeonyesha uwezo huo. Vilevile, mwaka 2008 nchini Ufilipino, Vermén Verallo-Rowell na wenzake walionyesha kwamba mafuta bikira ya nazi yalipunguza bakteria aina ya Staphylococcus aureus kwenye ngozi za watu wazima wenye ukurutu. Lakini ukurutu ni ugonjwa wa ngozi kavu iliyopoteza kinga, na mdudu aliyepimwa ni bakteria. Mba ni tatizo la ngozi yenye mafuta tele na hamira inayoyahitaji. Kuhamisha hitimisho kutoka mkono mkavu hadi utosi wenye mba ni kuruka hatua ambayo jaribio lile halikuipitia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 2021 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti wa India uliofuatilia vijidudu vya ngozi ya kichwa kwa wanawake waliotumia mafuta ya nazi kwa wiki kadhaa. Waandishi waliona ongezeko la vijidudu vinavyohusishwa na ngozi yenye afya. Matokeo hayo hayafai kupuuzwa, nayo yanatosha kumzuia mtu kusema kwamba mafuta ya nazi ni mabaya kwa kila ngozi ya kichwa. Hata hivyo, mabadiliko ya jamii ya vijidudu si sawa na mgonjwa kupona, na hakuna lolote ndani yake linalogusa mapunye. Msimamo unaobaki ni wa kadiri: kwenye ngozi nzima mafuta ya nazi hayana neno, kwenye utando wa magamba, ukiwamo ule wa mtoto mchanga, yanaweza kulainisha kabla ya kuosha, kwenye maradhi, si tiba.

Matokeo kwa upakaji, uuzaji na utafiti

Kama kazi ya mafuta ni kulinda unywele dhidi ya maji na sabuni, wakati wake bora ni kabla ya kuosha. Desturi ya kupaka baada ya kuoga haina ubaya, maana mafuta hupunguza msuguano wa chanuo, lakini peke yake inaacha sehemu kubwa ya faida. Kiasi kidogo kipakwe usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kianzie katikati ya unywele kwenda nchani, mahali palipo pakavu zaidi. Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele, usaha au mwasho apelekwe zahanati. Mtu mzima mwenye mba sugu aulize duka la dawa muhimu kuhusu shampuu yenye ketokonazoli.

Kwa wauzaji, kusema ukweli kuna faida ya kibiashara. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na chupa inayoahidi kuponya mba na kuotesha upara inajitia katika madai ya dawa. Ile inayoahidi kupunguza kukatika kwa nywele inasimama juu ya jambo linalopimika. Ubora nao huanza jikoni: maji yasipokauka vizuri mafuta huchacha, na mbata iliyoota ukungu hutoa mafuta yenye harufu na ya kuwasha. Mnunuzi aelezwe pia kwamba mafuta ya nazi huganda kwenye takriban nyuzijoto 24. Yale yaliyokuwa maji Nyamisati, pwani ya Kibiti, yatakuwa magumu Njombe wakati wa baridi, na kuganda huko si dalili ya kuchakachuliwa.

Kwa watafiti, pengo ni dhahiri. Majaribio yaliyotajwa hapa hayakufanyika kwa maji ya visima vya delta, wala kwa sabuni ya mche. Jaribio la kuliziba pengo hilo si ghali. Kila mshiriki apakwe mafuta ya nazi upande mmoja wa kichwa kabla ya kuosha, na upande wa pili uoshwe bila mafuta, kwa maji na sabuni vya nyumbani kwake. Nywele zinazobaki kwenye chanuo zihesabiwe kwa kila upande, zikitengwa zilizong'oka na shina na zilizovunjika katikati, na mhesabuji asijue upande upi ulipakwa. Ngozi ikaguliwe mwanzo na mwisho. Ufuatiliaji wa kaya za Rufiji ulioanza mwaka 1998, na ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara, umekwisha kuonyesha kwamba utafiti makini unawezekana katika ukanda huu. Iwapo upande uliopakwa utavunjika sawa na ule usiopakwa, hoja kuu ya makala haya itakuwa imeanguka kwa hali ya Kibiti, na utetezi wa mafuta ya nazi itabidi utafute msingi mwingine. Ukivunjika kidogo kuliko huo wa pili, wapikaji wa delta watakuwa na dai moja dogo la kuandika kwenye chupa, lenye ushahidi kutoka vichwa vya kwao.