Bidhaa za ukumbusho wa hifadhi (Tanzania)

Bidhaa za ukumbusho wa hifadhi ni vitu ambavyo watalii hununua ili kukumbuka safari yao katika hifadhi ya taifa au mahali pengine pa utalii. Nchini Tanzania vitu hivyo ni pamoja na vinyago, michoro ya Tingatinga, batiki, vikapu, shanga, fulana na vito kama tanzanaiti. Kwa kawaida havitengenezwi ndani ya hifadhi bali mijini na vijijini, hivyo huweza kupatikana nje kwa bei nafuu. Lakini huko nje pia huuzwa bidhaa bandia, pamoja na bidhaa halisi ambazo sheria imekataza kuziuza.

## Sababu za tofauti ya bei

Kinyago kinachouzwa katika hoteli ya kitalii kimepita mikononi mwa watu kadhaa: mchongaji, mchuuzi, dalali na mwenye duka. Kila mmoja huongeza faida yake. Katika maduka ya barabarani, bei huweza kubeba pia kamisheni ya dereva au mwongozaji aliyeleta wageni. Anayenunua kwa fundi mwenyewe haingii katika gharama hizo. Kwa hiyo bei ndogo peke yake si dalili ya bidhaa bandia, wala bei kubwa si uthibitisho wa uhalisi.

Mfano mwingine ni mitumba. Fulana ya bustani ya burudani ya Marekani, kama vile Disney, huweza kukutwa katika soko la mitumba kwa bei ndogo sana ingawa ni halisi. Bei yake imeshuka kwa sababu imeshavaliwa na mtu mwingine.

## Nyanda za Juu Kusini

Hifadhi kubwa za eneo hili ni Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 2008 kwa kuongezwa bonde la Usangu, na Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na kusifika kwa maua yake. Wageni wengi wa Ruaha hupitia Iringa. Wanaotoka upande wa magharibi hupita Mbalizi, mji mdogo ulio magharibi mwa jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma na karibu na Uwanja wa Ndege wa Songwe.

Kazi za mikono za eneo hili zinazojulikana ni:

* vikapu vya Iringa, vinavyosukwa na wanawake kwa milulu;
* vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa kandokando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa Matema, wilayani Kyela;
* kazi za Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo hutengeneza hata karatasi kwa kinyesi cha tembo.

Kwa bidhaa za namna hii, kununua nje ya hifadhi ndiko kununua kwenye asili yake.

## Maana ya bidhaa bandia

Bidhaa bandia ni ile inayouzwa kwa jina, alama au sifa isiyo yake. Nakala si lazima iwe bandia. Mtindo wa Tingatinga ulianzishwa na Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), na leo wachoraji wengi huufuata kwa haki. Mchoro huwa bandia pale unapotiwa saini ya mtu asiyeuchora, au picha iliyopigwa chapa kwa mashine inapouzwa kama kazi ya mkono. Vivyo hivyo, shuka iliyofumwa kiwandani ni shuka halali. Udanganyifu huanza muuzaji anaposema imefumwa kwa mkono kijijini.

Anayeumia si mnunuzi peke yake. Mchongaji aliyetumia wiki nzima hulazimika kushindana na kitu kilichopakwa rangi kwa saa moja.

## Kutambua bidhaa halisi

* Vinyago vya mpingo: Mpingo ni mti mzito, na kipande chake huzama majini. Kiini chake ni cheusi au cha zambarau iliyoiva, na tabaka la nje ni jeupe lenye umanjano. Mbao nyepesi hupakwa rangi au dawa ya viatu ili zifanane nao. Kitambaa cheupe chenye unyevu kikisuguliwa kwenye kitako cha kinyago huweza kutoka na weusi. Mkwaruzo mdogo chini ya kinyago cha mpingo huonyesha weusi hata ndani, isipokuwa penye tabaka la nje.
* Michoro: Rangi ya mkono huacha mifuo inayosikika kwa kidole. Picha ya mashine huwa laini kote, na ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonyesha nukta ndogondogo.
* Batiki: Katika batiki ya nta, rangi hupenya hadi upande wa pili. Kitambaa kilichopigwa chapa mara nyingi hufifia upande wa nyuma.
* Tanzanaiti: Kito hiki kiligunduliwa mwaka 1967 huko Mererani na hakichimbwi nchi nyingine. Kikigeuzwageuzwa kwenye mwanga huonyesha buluu na zambarau, ilhali kioo cha rangi hubaki na rangi ileile. Hata hivyo, jicho pekee halitoshi. Hununuliwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni, pamoja na hati zake.

## Bidhaa halisi zilizokatazwa

Hatari kubwa zaidi huweza kuwa kitu ambacho si bandia. Kumiliki nyara za serikali bila kibali, zikiwemo pembe za ndovu, ngozi, meno na makucha ya wanyamapori, ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka mingi. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkataba wa CITES wa mwaka 1989, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hatua hiyo. Bangili nyeupe nyingi hutengenezwa kwa mifupa ya ng'ombe, nazo ni halali. Lakini muuzaji akisema kwamba yake ni ya pembe halisi, mnunuzi hana sababu ya kuipima: akiikuta ni kweli, ameshika kosa mkononi.

Mpingo pia uko chini ya CITES tangu mwaka 2017. Mwaka 2019 vitu vilivyokamilika vilivyo na mbao yake isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja viliondolewa katika masharti ya mkataba huo. Mwenye mzigo mkubwa huuliza kwanza Wakala wa Huduma za Misitu (TFS).

## Kupatana bei na risiti

Sokoni kupatana bei ni desturi. Mnunuzi mzoefu huuliza bei katika vibanda viwili au vitatu, kisha huuliza kitu kimetengenezwa wapi, na nani, na kwa nini. Fundi hujibu kwa urahisi. Mwenye bidhaa bandia mara nyingi hubadilisha mazungumzo. Kwa kitu cha thamani, risiti inayotaja bidhaa kwa jina lake, kwa mfano "kinyago cha mpingo" badala ya "kinyago", ndiyo ushahidi wa mnunuzi. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.