Samaki Mdogo wa Hodhi la Msikiti: Historia ya Gapi Kutoka Ngazidja Hadi Uganda



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, katika baadhi ya nyumba zetu hapa Nyamityobora watoto wameanza kufuga samaki wadogo wa mapambo katika matangi ya kioo. Mara nyingi samaki wa kwanza kuingia ndani ya tangi ni gapi, kwa sababu ni rahisi kumlisha, hana ugomvi na wenzake, na huzaa bila ya kuombwa. Na hapo ndipo tatizo linapoanza. Tangi lililoanza na samaki 6 hujaa baada ya miezi michache, na juzi tumesikia watoto wakipanga kuwatia waliozidi ndani ya jerikeni, ili jamaa anayekwenda Nakivale akawamwage ziwani "wakaishi kwa raha". Tuliwazuia. Wakatuuliza sababu, nasi tukaona kuwa jibu lake ni refu kidogo na lina historia ndani yake, kwa hiyo tumeliandika hapa.

Tuanze na jina. Mwaka 1866 Robert John Lechmere Guppy, Muingereza aliyekuwa akiishi kisiwa cha Trinidad, alipeleka samaki hawa London. Mtaalamu wa samaki wa huko, Albert Günther, akampa samaki huyo jina la aliyemleta. Lakini alikuwa amechelewa, kwani mwaka 1859 Wilhelm Peters wa Berlin alikwishamwandika samaki huyo huyo kutokana na vielelezo vilivyotoka Venezuela, akamwita Poecilia reticulata. Kwa kanuni ya wataalamu jina la mwanzo ndilo linalosimama, na la Guppy likabaki mdomoni mwa watu tu. Peters huyu hakuwa mgeni wa pwani yetu. Katika miaka ya 1840 alisafiri Msumbiji kwa miaka kadhaa, akafika pia Zanzibar na visiwa vya Komoro. Bila shaka hakuwaza kwamba yule samaki wa Venezuela naye atakuja kufika Komoro siku moja.

Huko Barbados watu walimwita samaki huyu "mamilioni", kwa wingi wa uzazi wake. (Kwa hiyo mtoto akiuliza "gapi ngapi?", jibu la Barbados lipo tayari.) Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alithibitisha kuwa vimelea vya malaria huishi ndani ya mbu. Tangu hapo watu wakaanza kumtazama kwa jicho jingine kila kiumbe anayekula viluwiluwi vya mbu. Barbados haikuwa na malaria wakati visiwa jirani vilikuwa nayo, na wengi wakasema sababu ni mamilioni waliomo katika mabwawa yake. Kuanzia miaka ya 1900 samaki hao wakawa wanasafirishwa huku na huko katika nchi za joto. Hoja yenyewe ilikuwa na tundu, kwani mwaka 1927 malaria ilizuka Barbados na samaki wakiwa mle mle majini. Lakini safari zao zilikwishaanza.

Sasa tufike Ngazidja, na hapa tungependa msomaji asikimbie.

Ngazidja ni kisiwa cha volkano. Mvua hunyesha nyingi, lakini ardhi yake ni ya mawe yenye vitundu na maji huzama mara moja, na wala hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Kwa hiyo tangu zamani watu wa huko wamejenga matangi ya saruji na mawe ya kuhifadhi maji ya mvua majumbani, na misikiti ikawa na mahodhi ya kutawadhia. Malaria ilipokita mizizi kisiwani humo katika miaka ya 1920, mbu wake hawakuwa na mabwawa wala vinamasi vya kutagia. Walitaga katika maji yaliyokuwa na wenyewe, yaani matangi ya nyumba na mahodhi ya misikiti. Maji ya udhu yakawa ndiyo kitalu cha mbu wanaowauma watoto wakati wa usiku.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa afya walijaribu jambo ambalo bei yake ni ndogo kabisa. Walitia gapi ndani ya mahodhi na matangi, kiasi cha samaki 3 hadi 5 kwa kila mita moja ya mraba ya uso wa maji, wakawaacha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Kabla ya samaki, mahodhi na matangi karibu 4 katika kila 10 yalikuwa na viluwiluwi. Baada ya mwaka mmoja yalikuwa chini ya 1 katika kila 10. Mbu wakapungua, na vimelea katika damu ya watoto vikapungua pia, ingawa havikwisha.

Huenda msomaji akauliza, je, maji ya udhu yenye samaki ndani yake? Samaki ni twahara, awe hai au amekufa, na kuwepo kwake hakuyatoi maji katika utwahara wake. Bali aliyekufa aondolewe mapema, kabla hajaharibu harufu na ladha.

Tunalotaka wanafunzi walione hapa ni kwa nini jambo hili lilifaa Ngazidja. Samaki hakuwa na muujiza wowote. Sababu ni kwamba karibu kila mahali pa mbu palikuwa na kuta nne na mwenyewe wa kupaangalia. Hodhi likikaushwa na kusafishwa samaki hufa, na ni lazima mtu awakumbuke wengine wa kurudisha. Malaria ya Komoro nayo haikuondoshwa na samaki. Iliposhuka sana, miaka mingi baadaye, ilikuwa ni kwa vyandarua na kwa dawa walizopewa watu wa visiwa vizima, Mwali kuanzia 2007, kisha Nzwani 2012 na Ngazidja 2013. Na watafiti waliokusanya masomo yote ya samaki wala viluwiluwi, mwaka 2013 na tena 2017, walisema kuwa viluwiluwi hupungua katika baadhi ya maji, lakini ushahidi kwamba watu huugua kidogo zaidi hautoshi.

Tukirudi nyumbani Uganda, gapi alikuja kwa sababu hiyo hiyo ya mbu, katikati ya karne ya 20, wakati wa utawala wa Waingereza. Ila hapa hakuwekwa ndani ya kuta nne peke yake. Magharibi ya nchi, upande wa Fort Portal, kuna maziwa madogo yaliyo ndani ya mashimo ya volkano za zamani. Ziwa moja, Nkuruba, lina gapi mpaka leo, pamoja na aina mbili za ngege walioletwa na watu vile vile. Na malaria? Mbu wetu hasa anapenda maji madogo ya jua, kama vile nyayo za ng'ombe, mashimo ya wafyatua matofali na madimbwi ya wiki mbili baada ya mvua. Gapi hafiki humo. Kwa hiyo ziwa lilipata mgeni wa kudumu, na mbu akaendelea na shughuli zake.

Ndiyo maana tuliwazuia watoto. Ziwa Nakivale lina wenyewe. Wapo wavuvi, na wapo watu wa makazi ya wakimbizi yaliyoanza na Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako sasa wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Na wapo samaki wake. Maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale viliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar, na moja ya sababu zake ni kuwa ndani yake bado wamo samaki wa asili waliokwisha kutoweka katika maziwa makubwa. Tunakumbuka sangara waliotiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na jinsi nkejje wa aina nyingi walivyopotea. Gapi si sangara, hilo ni kweli, ni samaki wa sentimita 3 hadi 6 tu. Lakini jike mmoja aliyekwisha kutana na dume huhifadhi mbegu tumboni na huweza kuzaa mara kadhaa, mwezi baada ya mwezi, hata akiwa peke yake. Ukishammwaga hutampata tena. Mto Rwizi, tunaouvuka kila siku hapa mjini, una hukumu hiyo hiyo.

Basi wanaozidi wafanyweje? Kwanza, wasizidi. Dume ni yule mdogo mwenye rangi na mkia mpana, na pezi lake la chini kwa nyuma limechongoka kama kijiti. Jike ni mkubwa, amepauka, na ana doa jeusi karibu na tundu la uzazi. Anayetaka uzuri bila ya uzazi afuge madume peke yao. Anayetaka kuzalisha aweke majike 2 au 3 kwa dume 1, na ajue kuwa vifaranga 20 au 30 kila wiki 4 ni jambo la kawaida. Wakubwa huwala wachanga. Ukiweka majani mengi ya majini watapona wengi, ukiyapunguza watapona wachache, na huo nao ni uamuzi wako. Kabla hawajafika miezi 2 watenganishe. Maji ya bomba yalaze siku nzima kwanza, badilisha robo kila wiki, na usiweke tangi karibu na dirisha, kwani usiku wa Mbarara una baridi ambayo gapi hakuizoea. Waliobaki wape jirani mwenye tangi, au shule.

Watoto wetu hawakuridhika na "wape jirani". Wakaleta shauri lao wenyewe kutokana na habari ya Ngazidja, yaani pipa la maji ya mvua lililo nyuma ya nyumba. Tukakubali kwa masharti kwamba watiwe madume tu na juu ufungwe wavu, ili pipa likifurika samaki asiende na maji mtaroni. Jike hula viluwiluwi zaidi, tunajua, lakini hilo ndilo tulilokubaliana. Sasa wamo 5, na kila Ijumaa asubuhi mmoja wa watoto huenda na tochi kuwahesabu.